Glasi Moja Chini ya Dumu

Mwanangu Kokugonza,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi nimekusindikiza stendi, ukapanda gari la Muleba na sukari na sabuni za Bibi mapajani, ukanipungia mkono kama mtu anayekwenda mbali, na wakati jioni unarudi. Safari yenyewe, ya chuo Dodoma, ni kesho alfajiri. Kazini nimeomba ruhusa. Nimekaa kwenye meza yetu yenye mguu wa tofali, nina daftari lako la zamani la hesabu ambalo kurasa za nyuma zilibaki nyeupe. Nimeandika nikachana mara tatu. Ukiona mwandiko umelala, ni mwandiko wa darasa la saba, uuvumilie.

Mambo ya chandarua, dawa ya tumbo na kufuli la begi sitayaandika. Tumeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza. Nataka kukuandikia kuhusu kibatari cha Bibi. Naanza na jambo lenyewe, nisije nikazunguka mpaka karatasi ikaniishia: wewe hukumuunguza Bibi. Hukukitikisa kibatari. Aliyemuunguza ni mimi, na nimekuacha ubebe jambo hilo miaka kumi na mitatu.

Nimeinuka nikanywa maji. Nimerudi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ni mtu wa kutaka hatua zote. Hata jibu likiwa sahihi unauliza limetoka wapi.

Ulipokuwa mdogo tuliishi Goziba. Sijui unakumbuka nini cha kisiwani, labda mawe, labda harufu ya dagaa walioanikwa. Baba yako alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, na mimi niliuza mafuta kwenye kibanda cha mabati. Petroli ilikuwa ya injini. Mafuta ya taa yalikuwa ya karabai, zile taa za pampu ambazo wavuvi waliwasha ziwani kuwavuta dagaa. Siku hizi wengi wana taa za sola, lakini wakati ule giza likiingia ziwa lilikuwa kama mji.

Tulikuwa na utaratibu, na haukuandikwa popote. Dumu la petroli lilifungwa kitambaa chekundu shingoni. Dumu la mafuta ya taa halikufungwa kitu. Hata mlevi aliujua, hata mgeni aliyeshuka mtumbwini jana yake. Karabai ikitiwa petroli kwa bahati mbaya, watu wanaungua huku maji yamewazunguka pande zote, kwa hiyo kitambaa kile hakikuchezewa. Mimi mwenyewe nilimfukuza kibandani mtu aliyekifungua ili afutie mikono.

Ulipofikisha miaka sita nilitaka uanze shule huku bara, kwa Bibi Leokadia, kule Rubya, Muleba. Nilikuwa sijamwona mama mkwe wangu miaka mitatu. Unajua kwetu huendi kwa mama mkwe mikono mitupu. Dagaa nilikuwa nao, lakini dagaa kila mtu wa visiwani analeta. Nilijua Bibi alikuwa anazima taa mapema ili mafuta yamfikishe Jumapili. Nikasema nitampelekea lita tano za mafuta ya taa, dumu zima, awashe mpaka achoke mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanangu. Nilitaka aseme huyu binti tuliyemchukua hajatutia hasara.

Madumu yangu ya mafuta ya taa yote yalikuwa meusi, yamechakaa. Dumu safi, la njano, la kupendeza mkononi, lilikuwa la petroli, na chini yake ilikuwa imebaki petroli kama glasi moja. Mzee aliyetuvusha, tulimwita Ta Rwiza, aliniona nikijaza mafuta ya taa juu ya ile glasi. Akaniambia, "Adventina, mwaga hicho kwanza. Nyumba ya mama mkwe wako haina propela."

Watu wa mtumbwini wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamjibu kwamba mafuta ni mafuta. Kisha nikafungua kitambaa chekundu nikakitupa majini, kwa sababu zawadi haipendezi ikiwa imefungwa kitambaa cha grisi.

Nikisema sikujua nitakuwa nadanganya. Nilijua petroli haiwekwi kwenye taa. Ambacho sikujua ni kwamba glasi moja ndani ya lita tano bado ni petroli. Nilidhani itamezwa humo ipotee, kama chumvi kidogo kwenye sufuria kubwa ya ndizi. Nilikuwa na nusu ya kujua, na nusu ile ndiyo iliyonipa kiburi. Asiyejua kabisa angemsikiliza Ta Rwiza.

Siku ya pili yake jioni nikajaza kibatari cha Bibi. Kikawaka vizuri, hata akasifu mafuta ya kisiwani kwamba yana mwanga. Kikakaa kinawaka, bati likapata moto. Kisha Bibi akakuita ummulikie, anatafuta kisu kwenye maganda ya ndizi. Ulikishika kwa mikono miwili, umebana midomo, unatembea kama umebeba yai. Mimi nilikuwa mlangoni nakuangalia. Hukukitikisa. Kifuniko kiliruka chenyewe pamoja na utambi, moto ukapanda juu ya uso wako. Bibi akakunyang'anya kwa mkono wa kulia, akatembea nacho hatua nne mpaka mlangoni, akakirusha migombani. Kama angekiachia palepale, nyasi zilizotandikwa chini zingeshika na nyumba nzima na sisi. Wewe uliungua nyusi tu.

Majirani wakaja. Kila aliyeingia aliuliza imekuwaje. Hapo nikafanya kosa la pili, na hili ndilo linanifanya nichane karatasi. Niliona lile dumu la njano pembeni, nikakuona wewe, nikasema mbele ya watu wote:

"Koku, si nilikuambia usikitikise?"

Sikuwa nimekuambia kitu.

Hukubisha. Uliniangalia tu, kisha ukaangalia mikono yako. Mtoto wa miaka sita akisikia mama yake amesema, inakuwa ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake ulikuwa unawaambia wenzako mwenyewe: nimemuunguza Bibi. Hospitalini walimtibu vizuri, lakini vidole viwili vilishikana, cha tatu hakikunjiki mpaka leo.

Nilidhani utasahau. Nilijiambia watoto husahau. Lakini nilikuona. Hata tulipohamia hapa mjini, kila likizo ulikuwa wa kwanza kuamka kule Rubya kumenya ndizi ili Bibi asishike kisu. Wenzako wakitoka kukamata senene, wewe ulibaki unampasia kuni. Mtu akikupa kibatari ukishike, ulikiweka chini kwanza, ndipo unamwambia asogee yeye. Watu walikusifu kwamba una huruma, na mimi nilipokea sifa hizo kama mama wa mtoto mwenye huruma. Nilizipokea, Koku. Nilisema asante.

Kisha mwaka jana mwalimu wako wa kemia akaniita. Nikaenda nikidhani kuna kosa. Kumbe alitaka kunipongeza kwamba umechagua kusomea mafuta na nishati, kwamba wasichana wachache wanachagua huko, na kwamba alikuuliza kwa nini ukamjibu bila kusita. Mwalimu alikuwa anatabasamu aliponiambia jibu lako: "Kwa sababu nilimuunguza Bibi yangu nikiwa mdogo." Akasema mtoto wako ana sababu, mama, wengi wanaandika fomu bila sababu. Nilirudi kwa miguu kutoka shuleni mpaka hapa nyumbani Kashai. Sikuweza kukaa kwenye bajaji na mtu.

Na mwezi uliopita ukanifundisha. Sijui kama unajua jinsi nilivyofurahi jioni ile, kabla haijaharibika. Uliweka daftari hapa nilipoliweka mimi sasa, ukachora shanga. Ukasema mafuta yote yametoka kwa mzee mmoja, mafuta ghafi, na ndani yake kuna minyororo ya kaboni na haidrojeni, mifupi na mirefu imechanganyika. Wanayachemsha kwenye mnara, mifupi inatangulia kupanda, mirefu inabaki chini. Gesi ya kupikia, petroli, mafuta ya taa, dizeli, mpaka lami ya barabarani. Nikakuambia basi ni kama familia, na wewe ukasema ndiyo, Mama, ya baba mmoja, ila tabia mbalimbali.

Nilikuuliza ipi ina nguvu zaidi, petroli au mafuta ya taa. Nilikuwa na hakika utasema petroli. Ukasema kilo kwa kilo nguvu zao ni karibu sawa. Nilishangaa. Ukanieleza kwamba tofauti ni urahisi wa kuruka. Petroli ni minyororo mifupi, inageuka mvuke hata kwenye baridi ya asubuhi, na kinachowaka ni ule mvuke ukikutana na hewa. Mafuta ya taa yanasubiri yapashwe moto kwanza. Ndiyo maana yanafaa nyumbani.

Ukachukua glasi tupu uliyoifuta ikakauka vizuri, ukaipitisha juu juu ya ncha ya mshumaa, ikaingia ukungu. Ukaniambia niguse. Yalikuwa maji. Nilikuwa na miaka thelathini na sita na sikuwahi kujua kwamba moto unatoa maji. Ukasema haidrojeni inashikana na oksijeni ya hewani inakuwa maji, kaboni inashika yake inakuwa hewa ya ukaa. Nikasema kumbe minyororo ikivunjika ndiyo nguvu inatoka. Ukanikatalia, ukagonga meza kwa penseli kama mwalimu: "Hapana, Mama. Kuvunja kunakula nguvu. Ndiyo maana lazima uwashe kiberiti kwanza. Nguvu inatoka pale vinapoungana upya."

Nililipenda neno hilo, nimekuwa nalo kazini mwezi mzima.

Halafu penseli ikasimama. Ukasema, "Mama, ajabu. Mafuta ya taa matupu hayawezi kuruka vile. Sasa kibatari cha Bibi kililipukaje?"

Nami nikasema, "Kula, chakula kinapoa."

Katogo ilikuwa bado inatoa mvuke. Uliiangalia, ukaniangalia, ukachukua kijiko. Ulikula kwa adabu. Hukuuliza tena. Mtoto wa miaka sita nilimnyamazisha kwa woga, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na mkono wa mama mkwe unanuka kuungua mbele yangu. Mtu mzima wa miaka kumi na tisa nilimnyamazisha nikiwa nimeshiba, nimetulia, ndani ya nyumba yangu. Sioni pa kujificha kwa hili la pili.

Nilijua kwamba unakokwenda utafika mahali, darasani au maabara, mtu akuonyeshe mafuta ya taa yaliyochanganywa petroli kidogo na jinsi yanavyoshika moto mapema. Ungekumbuka kitambaa, ungekumbuka dumu la njano. Ungelijua jibu ukiwa peke yako kati ya watu usiowajua, na ungelijua kutoka kwa chupa, si kutoka kwangu.

Kwa hiyo Jumamosi ile niliyokuambia nimeitwa zamu, sikuwa kazini. Nilikwenda Rubya. Nilimkuta Bibi nyuma ya nyumba anageuza kahawa kwenye mkeka kwa mkono wa kushoto. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, ile glasi, Ta Rwiza, kitambaa. Aliendelea kugeuza kahawa. Nilipomaliza akasema, "Nilijua, waitu, mwanangu. Babu yenu alikuwa na pikipiki. Harufu ya petroli mimi unifundishe wewe?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema usiku ule nilikuwa natetemeka kuliko wewe mtoto, akaona ataniacha mpaka kesho, nitasema mwenyewe. Kesho ikafika, sikusema. Baadaye akaona ni aibu kumkumbusha mtu kosa la zawadi, mtu aliyekuletea akikupenda. Mkono wake alishausamehe zamani, na hata kupaka udongo ukuta wa jiko anaweza kwa mkono huu mwingine.

Lakini nilipomwambia la mwalimu, kwamba mpaka leo unaamini ni wewe, aliacha kahawa. Alikaa chini kabisa, kwenye udongo. Alifikiri unammenyea ndizi kwa mapenzi tu. Akaniuliza, "Kumbe mtoto alikuwa analipa?" Sijawahi kumwona Bibi yako akilia, na wewe najua hujawahi. Akaniambia hatakuambia yeye, hata ukienda kumuaga hatasema, kwa sababu neno lile nililitoa kinywani mwangu mbele ya watu na mimi ndiye wa kulirudisha. Kwa hiyo leo kama umemwona anakushika mkono muda mrefu kuliko kawaida, usidhani ni uzee.

Unajua wale vijana wa bodaboda pale kazini, kituo cha mafuta, wananiita Mama Dumu. Mtu akija na chupa au dumu, nalifungua, nauliza lilikuwa na nini, likiwa na mabaki namrudisha akalimwage na kulikausha kwanza. Juzi mmoja alimwambia mwenzake, "Subiri, Mama Dumu anasalimiana nalo." Wanacheka, na mimi nacheka nao. Meneja aliniambia nachelewesha foleni. Wewe mwenyewe uliwahi kuniuliza kwa nini nina ukali huo, nikakuambia ni sheria ya kituo. Si ya kituo. Ni glasi ile. Kila mtu anayekuja na dumu chafu namwona anakwenda kwenye jiko la mama mkwe.

Nilidhani hiyo inatosha. Miaka saba nimesimama pale kwenye pampu nikiwaokoa watoto wa watu, na mtoto wangu nyumbani anashika kibatari kwa hofu. Hicho ndicho nilichojifunza, na sikukisoma popote: unaweza kujitahidi sana upande ule usiokudai chochote.

Sitaki ubadilishe unachokwenda kusoma. Au ukitaka, badilisha, ni haki yako, maana uliichagua njia kwa sababu niliyokupa mimi na sababu yenyewe ilikuwa ya uongo. Lakini nilikuona na ile glasi juu ya mshumaa. Uso wako haukuwa uso wa mtu anayelipa kosa. Ulikuwa umefurahi tu, kama ulipokuwa na miaka mitano na ukagundua konokono ana macho. Kama furaha hiyo ni yako, nenda nayo. Ile sababu nyingine iache hapa, si mzigo wako, nitabaki nayo mimi mwenye mali.

Unaweza kunikasirikia. Sijui hasira yako itakuwa ya namna gani, maana hujawahi kunionyesha, na sasa nafikiri labda nilikunyima hata hiyo. Mtoto anayejiona ana hatia hamkasirikii mtu. Basi nikasirikie. Usiharakishe kunisamehe kwa sababu kesho kuna safari. Dodoma kuna simu, na mimi nipo.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuificha barua hii kwenye begi, katikati ya nguo, uikute ukishafika. Nilishaikunja ndogo kabisa. Kisha nikaona ni kitambaa chekundu kile kile, nakitupa tena majini ili zawadi ipendeze. Ungesoma mbali, ungelia mbali, na mimi huku ningelala salama.

Kwa hiyo sitaiweka begini. Gari la Muleba linafika kabla ya magharibi. Nimebandika katogo, ile ya ndizi na maharage unayoipenda. Utaingia, utanawa, nitakupa barua hii mkononi kabla sijapakua, na mimi nitakaa kiti cha upande wa pili mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Ukimaliza, niulize lile swali tena, ulivyoliuliza siku ile. Liulize hata mara kumi.

Chakula kikipoa, kipoe.

Mama yako,
Adventina